Wahojiwa Wasiopungua Sita

Wanafunzi walimwita Mama Rejea. Hakuna insha iliyopita mikononi mwake bila kurudi na neno hilo pembeni kwa kalamu nyekundu: "Rejea?" Mwanafunzi akiandika kwamba jua huchomoza mashariki, ataulizwa amesoma wapi. Jina hilo alilijua na halikumuudhi. Aliwahi kuniambia kuwa wapo wahadhiri wenye majina mabaya kuliko hilo, tena hao wana ofisi.

Yeye ofisi hakuwa nayo. Alikuwa mhadhiri wa muda wa historia, maana yake alilipwa kwa somo, na muhula ukiisha na mkataba umekwisha, anakaa kusubiri kama ataitwa tena. Nilipoanza kumjua vizuri, "muda" huo ulikuwa umefika mwaka wa kumi na moja. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache yenye pilipili, alizoea kusema kwamba hata jokofu bovu yeye humpa mteja dhamana ya miezi sita.

Wahadhiri wa muda walipewa chumba kimoja chini ya ngazi, watu wanne kwa meza mbili. Vipindi vikibadilishana na wanafunzi wakishuka, ungedhani mtu anakumwagia mawe kichwani. Basi akakimbilia kwangu. Mimi nilikuwa mkutubi, upande wa majarida, na nilikuwa na meza moja iliyokataliwa na kila mtu kwa sababu dirisha lililokuwa karibu nayo lilikuwa halifungi. Akaichukua. Alikaa hapo miaka saba, na miaka hiyo saba ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Alikuwa amelelewa na shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, na shangazi huyo alikuwa opereta wa simu. Zamani mtu hakupiga simu moja kwa moja. Alinyanyua mkono wa simu, sauti ya mwanamke ikamuuliza anamtaka nani, kisha mwanamke huyo akachomeka waya kwenye tundu la huyo anayetakiwa. Kituo cha simu cha mji wetu kilikuwa na wanawake kumi na wanne waliofanya kazi hiyo kwa zamu, wamevaa vyuma vya kusikilizia vilivyowaachia alama juu ya masikio. Mji mzima ulipita humo masikioni: misiba, posa, watu walioachishwa kazi kabla wenyewe hawajaambiwa. Na waliapishwa kutosema. Ulipoletwa mtambo mpya usiohitaji mtu, waliitwa ukumbini asubuhi moja, kila mmoja akapewa barua na saa ya ukutani, wakaenda nyumbani. Madaftari ya zamu yalichomwa nyuma ya jengo. Nilitafuta habari zao mwenyewe kwenye rafu zangu, kitabu hadi kitabu. Hata mstari mmoja haukuwepo.

Mama Rejea alipata shahada yake ya uzamivu akiwa na miaka thelathini na tisa, maana alisoma huku anafundisha. Alimpelekea shangazi nakala ya tasnifu yake. Ilihusu kodi za serikali ya zamani. Shangazi aliisoma wiki mbili nzima, miwani usoni na rula chini ya mstari, kisha akamwita.

"Mwanangu, nimeimaliza."

"Umeionaje, shangazi?"

"Kurasa mia tatu na kumi, na hakuna mtu hata mmoja anayesema neno."

Alicheka alipokuwa ananisimulia, lakini lilimwingia. Wiki hiyohiyo akaanza kuwatafuta maopereta. Kati ya kumi na wanne, waliokuwa hai ni tisa, shangazi akiwa mmoja wao. Wanne walikuwa hapa mjini, watano wametawanyika kwa watoto wao katika miji ya mbali, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka sabini na mbili. Aliwaandikia wote barua kwa mkono, akajitambulisha, akawaambia atakuja kuwasikiliza. Wote walijibu, na mmoja alituma majibu kurasa tisa, akisisitiza kwamba huo ni utangulizi tu.

Kazi ya namna hiyo inataka nauli, kinasa sauti cha maana, mtu wa kuyaandika yaliyosemwa, na zaidi ya yote nafasi ya kupumzika kufundisha, kwa sababu yeye alikuwa anafundisha vyuo vitatu kwa wiki. Kwa kifupi, inataka ruzuku. Akaenda ofisi ya utafiti ya chuo.

Afisa wa utafiti alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooka, na siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akafungua jalada lake.

"Kilimo ipo, Mwalimu. Afya ipo. Nishati ya jua ipo, tena mbili. Nyie watu wa historia na lugha na falsafa mna moja tu, na hiyo mwaka huu haijatangazwa."

"Itatangazwa lini?"

"Ikitangazwa mtaambiwa."

Ilitangazwa baada ya miezi minane, zikiwa zimebaki siku kumi kufunga. Mama Rejea aliijaza fomu hapo kwenye meza yangu. Fomu ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wengine kabisa. Iliuliza mradi utazalisha ajira ngapi, na utapunguza gharama za uzalishaji kwa asilimia ngapi. Alifikiri sana kwenye asilimia, mwisho akaandika sifuri, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli. Majibu yalikuja na hayakugusa hata hiyo sifuri. Mwombaji, yalisema, si mwajiriwa wa kudumu.

Mtu atauliza, na mumewe aliuliza, kwa nini asiende tu. Siku hiyo fundi alikuwa amekuja kumchukua, akaketi maktabani kwa adabu, mikono juu ya magoti.

"Wewe si una simu?" alisema. "Bibi anaongea, wewe unabonyeza. Kuna kazi gani hapo?"

"Kuna kibali."

"Cha nini?"

"Cha maadili ya utafiti. Huwezi kumhoji mtu mpaka kamati ikupitishe. Ukimhoji bila kibali, maneno yake huwezi kuyaandika popote."

"Basi chukua kibali."

"Kamati haitoi mpaka uonyeshe barua ya mfadhili."

"Na mfadhili?"

"Hatoi mpaka uonyeshe kibali."

Fundi alimtazama mkewe, akanitazama na mimi. "Na hawa ndio wenye digrii," alisema.

Tulicheka wote watatu. Wakati huo lilikuwa jambo la kuchekesha. Na ukweli ni kwamba wahadhiri wengine walikuwa na njia zao: unahoji kwanza, kibali kinakuja baadaye na tarehe ya nyuma. Kila mtu alijua. Mama Rejea naye alijua, akakataa. Aliniambia kanuni hiyo haikuwekwa bure. Walikuja watu zamani wakachukua maneno ya wazee bila kuwauliza, wakaenda kupata vyeo kwayo, na wazee wenyewe hata nakala hawakuona. "Siwezi kuwafanyia hivyo hawa," alisema. "Hawa waliapa kutosema. Kama wanataka kusema sasa, lazima ifanyike sawasawa."

Kuhusu shangazi kulikuwa na kipengele kingine. Kamati haikupenda mtafiti amhoji ndugu yake wa damu, mpaka apate ruhusa ya peke yake juu ya ile ruhusa nyingine. Kwa hiyo shangazi akawekwa wa mwisho.

"Wewe nitakuhoji baada ya wenzako," alimwambia.

"Nipo," alisema shangazi. "Sina safari."

Mwaka wa pili aliomba kwenye shirika moja la nje. Hao walitaka sahihi ya mkuu wa kitivo, na mkuu wa kitivo alikuwa safarini, na aliyemkaimu aliogopa kusaini kwa niaba yake. Mama Rejea alikaa kwenye kiti cha nje ya ofisi hiyo siku nne, akisahihisha mitihani kwenye mapaja, mpaka mkuu akarudi na kusaini bila kusoma. Majibu yalichukua miezi saba. Walikuwa wamepokea maombi elfu moja na mia nne, mengi yakiwa ya kiwango cha juu sana, wakamtakia mafanikio.

Katika miezi hiyo saba walikufa wawili. Mmoja ndiye aliyekuwa zamu wakati wa mafuriko makubwa, ambaye mwenzake hakuweza kuvuka kuja kumpokea, akakaa kitini saa ishirini na sita akiwaunganisha watu waliokuwa wanatafutana. Mama Rejea alilisikia hilo mazikoni kutoka kwa jirani aliyekuwa amesimama nyuma yake. Alimuuliza jirani, ilikuwaje zaidi? Jirani hakujua zaidi. Marehemu alikuwa na kawaida ya kulisimulia, alisema, lakini unajua tena, mtu akisimulia kila mara huachi kazi zako ukamsikiliza.

Mwaka wa tatu, rafiki yake mmoja wa kitivo cha uhandisi, tulimwita Mhandisi tu, alimkuta mezani akisoma tangazo jipya.

"Mwalimu, unapoteza muda," alimwambia. "Fedha zote siku hizi ziko kwenye tabianchi. Wewe andika, 'Wanawake wa simu na mabadiliko ya tabianchi.' Mvua ikinyesha waya si zilikuwa zinakatika?"

Mama Rejea alicheka mpaka akavua miwani. Wiki moja baadaye alikuja kwenye dawati langu akaniomba takwimu za mvua za miaka arobaini. Nilimpa bila kumtazama usoni. Akaliandika andiko hilo kweli, kurasa kumi na nane, na siku ya kulituma alivaa kama mtu anayekwenda kwa daktari. Lilirudi na mistari mitatu. Mtathmini alisifu lugha. Uhusiano wa mradi na tabianchi, alisema, haujathibitishwa.

"Ana haki," alisema Mama Rejea. "Hata mimi ningeandika hivyohivyo."

Opereta mwingine alikufa mwaka huo, wa mji wa mbali. Habari zilimfikia miezi miwili baada ya maziko.

Jambo moja la ajabu lilitokea hapo. Mhandisi alikuwa ameliona hilo andiko la kurasa kumi na nane, na kwa mtu anayejua kusoma lilikuwa zuri kupindukia. Akamletea la kwake, lililohusu pampu za maji, amwangalizie lugha. Mama Rejea alilivunja lote akalijenga upya. Likapata ruzuku mara ya kwanza. Habari zikaenea. Akaja mtu wa mbegu za mahindi, akaja mtu wa vyandarua, akaja dada mmoja wa jiko lisilotoa moshi. Wote aliwaandikia hapo kwenye meza ya dirisha lisilofunga, na wote wakapata. Mmoja alimshukuru kwenye ukurasa wa mwanzo wa ripoti yake, akakosea jina lake. Nilimuuliza kwa nini anawasaidia. Akasema, kwa sababu wameomba.

Mwaka wa nne shangazi alishikwa na homa ya mapafu. Alilazwa wodi ya vitanda sita, kitanda cha karibu na mlango, na Mama Rejea alikuwa akienda asubuhi kabla ya vipindi na jioni baada ya vipindi. Siku moja alimkuta shangazi amekaa, mto mgongoni, amechana nywele, macho mangavu.

"Umekuja na simu yako?" shangazi alimuuliza.

"Ninayo."

"Itoe basi. Leo nimekumbuka mambo ya mgomo. Ule mwaka walipotuambia tukate simu zote za wafanyakazi wa reli. Nani alikata, nani hakukata. Yote yamenijia tangu alfajiri."

Mama Rejea alimshika mkono. Alimwambia asijichoshe, atamweleza yote akipona. Akamwambia pia kibali kiko mbioni, kamati inakaa mwezi ujao, na safari hii wamemwahidi kuliangalia ombi lake hata bila barua ya mfadhili.

"Haya," alisema shangazi.

Wakazungumza mambo ya nyumbani. Siku ya nne yake shangazi alikufa, saa tano asubuhi, Mama Rejea akiwa darasani anafundisha.

Hilo alinisimulia mara moja tu. Alikuwa amesimama mbele ya dawati langu, ameshika kitabu ambacho hata hakuwa anakiazima. Nilimwambia kwamba alimhurumia, mgonjwa si wa kuhojiwa, mtu yeyote angefanya vile.

"Hapana," alisema. "Huruma ilikuwepo, lakini haikuwa huruma. Nilikuwa nafuata utaratibu. Na yeye alijua. Aliniangalia tu akasema haya."

Kamati haikukaa mwezi uliofuata. Akidi haikutimia.

Baada ya hapo alibadilika, ingawa mtu asiyemkaribia asingeona. Alifundisha vilevile, alisahihisha vilevile. Lakini zamani alikuwa akinisomea vipande vya barua za maopereta wakati wa chakula cha mchana, na sasa aliacha. Fundi aliniambia, siku aliyokuja kutengeneza jokofu la chumba cha wafanyakazi, kwamba mkewe hutoka nje ya nyumba simu ikiita, iwe ya nani, akasimama uani mpaka inyamaze. "Nimemwambia tutafute mtu wa kuongea naye," alisema huku amepiga magoti nyuma ya jokofu. "Ananiambia hana shida. Sasa mtu akisema hana shida, utamtengeneza wapi?"

Mwaka wa sita lilitoka tangazo ambalo hata mimi niliamini lilikuwa lake. Ruzuku ya wasomi wachanga wa historia na sayansi za jamii, wasiozidi miaka sita tangu watunukiwe uzamivu. Nililikata mwenyewe nikamwekea mezani. Alipiga hesabu tangu siku ya mahafali, akaona amebakiwa na miezi kumi. Akaandika. Walimjibu wiki ileile, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Cheti chake kilikuwa na tarehe ya baraza lililopitisha shahada, na mahafali yalifanyika miezi kumi na minne baadaye kwa sababu chuo kilikosa ukumbi. Wao walihesabu kwa tarehe ya baraza. Alikuwa amepitiliza kwa miezi minne.

Alikwenda kwa afisa wa utafiti, nami nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa na fomu zangu za kupeleka.

"Hakuna nyingine?" alimuuliza.

"Ipo ya wasomi waandamizi. Lakini hiyo wanataka uwe profesa."

"Kwa hiyo miezi minne iliyopita nilikuwa mchanga, na sitakomaa mpaka niwe profesa. Hapa katikati mimi ni nani?"

Kijana alitazama jalada lake. "Hapa katikati hakuna dirisha la ruzuku, Mwalimu," alisema, na nadhani aliona aibu kweli.

Katika mwaka wa tano na wa sita walikuwa wamekufa wengine wawili. Wakabaki watatu.

Halafu, mwaka wa saba, akapata. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi ya kawaida. Alikuja kwenye dawati langu na karatasi aliyokuwa ameichapisha, akaniomba nimsomee kwa sauti kwa sababu yeye hakuwa anaamini macho yake. Taasisi fulani ya mbali ilikuwa imempitisha: ruzuku ya miezi kumi na minane ya kukusanya kumbukumbu za wafanyakazi wanawake wa zamani. Andiko alilituma mwaka mmoja na nusu kabla, hata yeye alikuwa amelisahau. Nilisoma mpaka mwisho. Kwenye masharti kulikuwa na mstari uliosema mradi uwe na wahojiwa wasiopungua sita walioshiriki wenyewe katika kazi husika.

Aliichukua karatasi, akaikunja vizuri, akaenda kufundisha.

Wiki iliyofuata alianza kuwatafuta watatu wake. Wa kwanza alipigiwa, akapokea binti yake. "Mama yupo," binti alisema, "lakini ametusahau hata sisi. Juzi ameniita dada mpishi." Wa pili alikubali. Wa tatu ndiye yule aliyewahi kuandika kurasa tisa za utangulizi, na aliishi hapahapa mjini, kwa hiyo Mama Rejea alikwenda mwenyewe. Bibi alimkaribisha sebuleni, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Barua yako niliipata miaka saba iliyopita," alisema bibi. "Ulisema utakuja. Mimi nikaanza kukumbuka. Kila asubuhi nakaa pale dirishani najikumbusha, nani alikaa kiti gani, nani alisema nini, nisije nikasahau ukifika. Nimekumbuka miaka mitano, mwanangu. Mwaka juzi nikaacha. Nimechoka."

"Nisamehe, mama."

"Sina kinyongo na wewe. Ila sitaki kuanza tena."

Akarudi ofisi ya utafiti, sasa akiwa na barua ya ushindi na mhojiwa mmoja. Afisa alifurahi sana kuiona barua, kwa maana chuo huchukua sehemu yake katika kila ruzuku inayoingia.

"Hilo la sita si tatizo," alisema. "Weka watoto wao. Au weka majina tu, Mwalimu. Nani atatoka huko aliko aje kuwahesabu vikongwe?"

Ningekuwa mimi, sijui ningefanya nini. Mama Rejea aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa hiyo taasisi, akawaeleza kwamba alipoomba walikuwa hai watano na sasa amebaki mmoja anayeweza kusema, akawaomba wamruhusu aendelee na huyo mmoja pamoja na watoto wa wengine. Walimjibu kwa heshima kubwa. Walimshukuru kwa uaminifu wake. Sharti liliwekwa na bodi na halibadilishwi, hivyo nafasi yake wamempa anayefuata kwenye orodha. Walimkaribisha aombe tena msimu ujao.

Na hapo katikati, kwa sababu barua ya mfadhili ilikuwa imeonekana, kamati ya maadili ilikaa na kibali kikatoka. Kilikuwa na muhuri, namba na jina lake lote, kinatumika mwaka mmoja. Kwa hiyo sasa alikuwa na kibali.

Akaamua kwenda kwa yule mmoja. Mumewe alifunga karakana siku mbili, wakasafiri pamoja. Aliponisimulia safari hiyo alisema walichelewa kidogo, wakamkuta bibi amekwisha kuvaa nguo yake nzuri tangu asubuhi, kiti amekiweka mbele ya dirisha, na watoto wa nyumbani wamekatazwa kelele. Mama Rejea alimsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno. Bibi akatia sahihi. Kinasa sauti kikawashwa.

Bibi aliongea saa tatu. Aliongea habari za kiwanja. Marehemu mumewe alikuwa na watoto wa mke wa kwanza, na watoto hao walikuwa wanakitaka kiwanja, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa upande wao, na kulikuwa na hati iliyopotea au iliyofichwa. Aliitaja mipaka yote, upande kwa upande. Kila Mama Rejea alipomrudisha kwenye kituo cha simu, bibi alijibu vizuri tu.

"Ilikuwa kazi, mwanangu. Tulikuwa tunakaa, tunachomeka. Mgongo ulikuwa unauma."

Akamuuliza habari za mafuriko. Bibi hakukumbuka mafuriko. Akamuuliza habari za mgomo, na simu za watu wa reli.

"Hayo muulize shangazi yako," alisema bibi. "Yeye ndiye alikuwa na kichwa."

Mama Rejea hakumwambia kuwa shangazi amekufa. Alikiacha kinasa sauti kiendelee. Bibi alikuwa hajapata mtu wa kumsikiliza juu ya hicho kiwanja kwa muda mrefu, na walipoondoka alimshukuru kwa mikono miwili, akamuuliza ataipeleka lini mahakamani ile mashine. Fundi ndiye aliyemjibu. Alimwambia watafuatilia.

Muhula uliofuata chuo kiliondoa somo la historia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kikaweka ujasiriamali. Hakuitwa. Alikuja kuchukua vitu vyake kwenye meza, ambavyo havikujaza hata mfuko mmoja, na kunikabidhi zile barua za maopereta nizihifadhi maktabani. Nilijaribu. Kuingiza kitu kwenye hifadhi yetu kunahitaji namba ya mradi, na mradi haukuwahi kuwepo. Barua ziko kwangu nyumbani, kwenye kabati la nguo, na mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Sijui nitampa nani.

Siku hizi anaandika maandiko ya watu. Mumewe amemkatia pembe ya karakana kwa mbao, akamwekea meza na taa, na wateja wanakuja mpaka hapo: vikundi vya akina mama, wahandisi, mashirika madogo. Ana sifa kubwa. Wanasema akiandika yeye, hukosi.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Nilikuwa nimebeba tangazo jipya nililoliona, la historia simulizi, lisilo na sharti la umri wala la ajira wala la idadi. Nilijishauri njia nzima kama nimpe au nisimpe, mwisho nikampa. Aliketi akalisoma lote, polepole, mpaka maandishi madogo ya chini. Upande wa pili wa mbao mumewe alikuwa anajaribu jokofu la mtu, na mashine yake ilikuwa inawaka na kuzima.

"Wamelitunga vizuri," alisema. "Hawa wanajua wanachofanya."

Nikamwambia linafungwa mwisho wa mwezi.

Alinirudishia karatasi yangu, akavuta kiti kingine karibu, akaniuliza goti langu linaendeleaje, na kama nimekula.